Feloshipu ya ramani au ya simulizi za wazee? Kwa kijana anayetaka kuhifadhi historia ya mtaa wake

Wadogo zangu wengi wananiuliza swali lile lile, dada nimeona nafasi mbili, moja ya vijana kuchora ramani ya mtaa wao, nyingine ya kukusanya historia na simulizi za wazee, zote zinaitwa feloshipu, yaani programu ya muda ya kujifunza kwa kufanya huku unapewa posho, mwisho wa kuomba ni wiki moja, niombe ipi? Nimepita zote mbili hapa Dar kwa nyakati tofauti, alafu nikapita pia ile aina ya tatu ya mtandaoni, basi leo naandika yote ninayoyajua sehemu moja.

Natanguliza jibu ili asiye na muda aondoke nalo. Kama kinachokuuma ni historia yenyewe, omba ya simulizi na ramani ujifunze pembeni, maana ramani inafundishika bure. Kama unachohitaji sasa hivi ni ujuzi wa kukuingiza kazini, omba ya ramani na usijilaumu hata kidogo. Asa sababu.

Ya ramani

Hizi ndo nyingi na ndo zinazojulikana. Karibu zote zinatumia OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri kama Wikipedia. Huku kwetu wengi tunaihesabu kuanzia Kibera mwaka 2009, Map Kibera, vijana wa palepale walipochukua vifaa vya GPS wakazunguka kijiji kwa kijiji, Makina, Lindi, Gatwekera, Laini Saba, Silanga, wakaweka vyoo na mabomba na shule na zahanati sehemu ambayo kwenye ramani ilikuwa kama hamna watu wanaoishi. Walioanzisha kazi ile wakaja kusaidia Tandale mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakatembea pamoja na wakazi, alafu 2015 ikaja Ramani Huria ambayo kisa chake kilikuwa mafuriko, vijana wakachora kata kwa kata, mitaro, nyumba, njia za maji. Mwaka huohuo YouthMappers ikaanzishwa Marekani na sasa ina vikundi vya wanafunzi kwenye vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Na kuna HOT, hao wa ramani za misaada na majanga, wana ofisi yao ya kanda hii pia.

Siku yako inakuwaje? Asubuhi mnakutana ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe anawapokea, mnagawana karatasi zenye picha ya setelaiti, mnawasha apu kwenye simu, mnatembea mpaka viatu vinalia. Kila nyumba kuna fomu, ukuta wa nini, paa la nini, sakafu iko juu ya barabara kwa kiasi gani, mtaro upo au haupo. Jioni mnakaa na laptopu mnaingiza, na baada ya wiki mbili tatu unaanza kutumia QGIS, ile programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, bila kushikwa mkono. Huu ujuzi ni wa kweli na unalipa, halmashauri wanautaka, mashirika wanautaka, kampuni za maji na umeme wanautaka, niliosoma nao kozi ile wengi wako kazini kwa sababu ya hiyo QGIS. Siwezi kuisema vibaya.

Ila nikusimulie kitu kimoja. Tulikuwa Tandale, jua kali, nikaingia kwenye kibaraza cha bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, kaa. Nikamtandikia karatasi ya ramani mezani. Akaiangalia kidogo, akaigeuza mpaka Mto Ng'ombe ukawa mbele yake vile anavyouona akikaa pale kila siku, akaweka kidole akasema hapa palikuwa na mwembe, chini ya huo mwembe ndo tulikuwa tunasukana, na ile mvua mto ulipokula nyumba ya jirani mwembe ukaenda nao. Akaendelea, nyumba ya nani, nani alihama, nani alizikwa wapi kabla serikali haijatoa eneo la makaburi. Mimi nikaiangalia fomu yangu. Ukuta, paa, sakafu, mtaro. Hamna sehemu ya mwembe. Niliandika pembeni ya karatasi kwa kalamu, na ile karatasi ikaenda kwenye boksi na wenzake, na boksi sijui liko wapi mpaka leo.

Na hapa simlaumu mtu, OpenStreetMap ina kanuni yake na ni kanuni nzuri, kinachowekwa ni kitu ambacho mtu mwingine akienda kesho atakikuta. Mwembe uliokatwa haumo. Kisima kilichofukiwa hakimo. Jina la zamani la mahali linaweza kuingia, kuna sehemu maalum ya jina la zamani na ya jina la kienyeji, na nakuomba kama utaenda huko uzijaze kwa bidii maana watu wanaziruka. Lakini jina bila habari yake ni nusu ya kitu. Tandale ina mitaa sita, mmoja unaitwa Kwa Tumbo, ramani itakwambia Kwa Tumbo inaanzia wapi na inaishia wapi, haitakwambia Tumbo alikuwa nani, au kama alikuwa mtu. Kariakoo nayo, ukiigusa kwenye simu unaona soko na maduka, huoni kwamba jina lenyewe ni Carrier Corps, wale wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakafa kwa maelfu, na kwamba Nairobi wana Kariokor yao kutokana na jina hilohilo. Miji miwili, jina moja, na kwenye ramani ni nukta mbili zisizojuana.

Kwa vitu vilivyopotea kuna ramani dada inaitwa OpenHistoricalMap, humo unaweka kitu na mwaka kilipoanza na mwaka kilipoisha, mwembe wa bibi unaweza kuingia. Sikuambiwa kuhusu hiyo kwenye feloshipu yangu, niliikuta mwenyewe baadae. Ukihojiwa waulize kama wanaitumia, jibu watakalokupa litakuonyesha kama historia iko kwenye kazi yao au iko kwenye tangazo tu.

Ya simulizi

Hizi ni chache na ngumu kupata, nyingi zinataka uwe umemaliza digrii au uko mwaka wa mwisho, na zinapitia makumbusho, vituo vya utafiti, maktaba na makundi madogo ya vijana wenyewe. Kwa mfano British Institute in Eastern Africa pale Nairobi kwa miaka mingi imekuwa ikichukua wahitimu wapya kwa miezi kadhaa na kuwaweka kwenye miradi ya utafiti. Kuna mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini kupotea ulioanza 2004, huo ndo uliosaidia kupiga picha miswada ya msikiti wa Riyadha kule Lamu, miswada yenyewe ikabaki Lamu. Na kuna vijana wa Kenya na Uingereza walioanzisha Museum of British Colonialism mwaka 2018, wakatafuta zilipokuwa kambi za kizuizi za wakati wa Mau Mau, wakazungumza na walionusurika, wakaziweka kwenye ramani na kuzijenga upya kwa kompyuta. Huo wa mwisho ndo unanipa raha zaidi kuutaja, ramani na sauti za wazee vimekaa pamoja, na waliofanya ni vijana.

Kazi yake haifanani kabisa na ile ya ramani. Kwenye ramani unatembea, huku unakaa. Unakwenda kwa mzee mara ya kwanza hurekodi chochote, unakunywa chai, unaulizwa we mtoto wa nani, kwenu wapi, na usipojibu vizuri hamna intavyuu. Mara ya pili unaomba ruhusa. Mara ya tatu ndo unaweka simu juu ya stuli, unaomba mashine ya kusaga ya jirani ipumzike nusu saa, na mzee anaanza na jambo ambalo hukuuliza, na hilo ndo lenyewe. Nilijifunza kunyamaza. Nilikuwa nadhani najua kusikiliza, kumbe nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kuongea.

Alafu kuna kuandika maneno yote kutoka kwenye sauti, na hapa ndo vijana wengi wanapokimbia. Saa moja ya mazungumzo ilikuwa inanichukua saa nne mpaka tano kuandika, na kama mzee anachanganya Kiswahili na Kizaramo au Kimakonde ongeza. Sauti yenyewe ni nzito, ukirekodi WAV ya stirio kwa kiwango cha kawaida cha CD saa moja inakula kama MB 600 na ushee, so ukiambiwa upakie kila siku kwa bando lako mwenyewe jua umeshaingia hasara. Uliza mapema bando ni la nani.

Kitu ambacho feloshipu hizi zinakupa na huwezi kukipata peke yako ni mlango. Tanzania utafiti unataka kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni NACOSTI, alafu barua inashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana mmoja na simu yake hawezi kuufukuzia huo mlolongo, taasisi inaweza. Unapata pia mtu mzima wa kukusomea kazi, akakwambia hapa ulimkatiza mzee, hapa ulimlisha jibu. Kwenye ramani kosa langu lilisahihishwa na programu, huku lilisahihishwa na mwalimu wangu, na ndo maana nalikumbuka.

Nani anabaki na sauti

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndo penye tofauti kubwa kuliko zote.

Kwenye ramani huria jibu ni rahisi, ni ya wote. Ulichoweka leo mtu wa Mwanza au wa Chicago anakitumia kesho, leseni inaruhusu. Kwa bomba la maji na mtaro ni baraka tupu, shirika likiondoka data inabaki. Na mashirika yanaondoka kweli. YouthMappers ilianza kwa msaada wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, na USAID ilifungwa 2025, miradi mingi ya aina hii ilitikisika, lakini nyumba na njia zilizochorwa ziko palepale, hamna aliyeweza kuzima.

Kwa simulizi uwazi wa namna hiyo unaweza kuwa kosa. Chukua makaya ya Wamijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya iliyoingia urithi wa dunia 2008. Ndani kuna sehemu ambazo wazee hawataki mgeni azijue. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka marehemu, viliibwa miaka na miaka vikauzwa nje, vikaonekana kwenye makumbusho za Marekani, na baadhi tu ndo vimerudishwa Kenya. Ukimpelekea mwizi wa namna hiyo nukta ya GPS umemfanyia nusu ya kazi. Hata huku mjini, mzee akikusimulia mpaka wa shamba la marehemu baba yake, hiyo ni hadithi na pia ni ushahidi kwenye kesi ya ardhi ambayo bado haijafunguliwa. Feloshipu nzuri ya simulizi inakufundisha kuuliza, mzee hii isikike na nani, ukoo tu, mtaa, au dunia nzima? Na sheria iko upande wake, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania sheria ya taarifa binafsi ni ya 2022, kwa hiyo fomu ya ridhaa usiikose, na iwe kwa Kiswahili anachokielewa yeye.

Upande mbaya wa simulizi nao nimeuonja. Taasisi moja niliyofanyia kazi, siitaji, tulikusanya sauti za wazee kumi na kitu, tukaahidi kila mmoja atapata nakala. Zikapakiwa kwenye seva yao, tukapewa linki, mradi ukaisha, linki ikafa. Niliandika barua pepe nikajibiwa mhusika ameshahama. Mzee mmoja kati yao amefariki, watoto wake walinipigia wakitaka sauti ya baba wasikilize kwenye arobaini, na mimi sikuwa na nakala kwa sababu mkataba ulisema nifute kwangu nikishakabidhi, na nilifuta. Niliutii mkataba, na familia ile sikuwa na cha kuwapa.

Kwa hiyo kabla hujasaini tafuta mstari unaosema nakala ya mhojiwa. Kama haupo uombe uwekwe. Na nakala isiwe linki. Wazee wengi wana zile redio ndogo zinazoingia memori kadi, weka sauti kwa MP3 ya kbps 128 kwenye kadi, saa moja haifiki hata MB 60, mpelekee mkononi. Nimefanya hivo na mradi wangu mwenyewe uliofuata, kuna mama mmoja anasikiliza sauti yake asubuhi akiwa anachambua mchele, anajijibu.

Ile ya mtandaoni

Hii nitaipitia haraka. Unakuwa kwenye kundi la vijana wa nchi mbalimbali, mnakutana kwenye Zoom mara moja kwa wiki, unapewa posho kidogo, mwisho unatoa ramani yenye hadithi, mara nyingi kwenye tovuti za kutengeneza ramani kama StoryMaps au uMap. Faida yake ni watu unaokutana nao na kujifunza kupanga simulizi ivutie. Shida ni kwamba lugha ya kazi ni Kiingereza, kwa hiyo mama yako anakusimulia kwa Kiswahili, unaandika kwa Kiingereza, na yeye hawezi kuisoma historia yake mwenyewe. Kama utaiomba, toa matoleo mawili na la Kiswahili liwe la kwanza. Na kama wanataka StoryMaps uliza akaunti ni ya nani, maana akaunti ya taasisi ikifungwa kazi yako inaweza kwenda nayo. uMap ni bure na unaweza kuihamisha.

Usitegemee kuihifadhi kazi yako kwenye Wikipedia pia, hilo wengi wanalifikiria. Wikipedia ya Kiswahili naipenda na nahariri, ila inataka kitu kilichokwisha kuchapishwa mahali, sauti ya bibi peke yake haikubaliki kama chanzo. Picha za majengo ya zamani ndo zinakwenda vizuri Wikimedia Commons.

Pesa na muda

Za ramani mara nyingi ni wiki chache au miezi miwili mitatu na posho ni ya siku, inalingana na siku ulizotembea. Za simulizi ni ndefu zaidi na posho ni ya mwezi, ila inaonekana kubwa kwa sababu hujatoa gharama. Nauli ya kwenda kwa mzee mara tatu nne, sukari na majani ya chai unayobeba maana huwezi kwenda mikono mitupu, bando, kitabu, betri. Ziandike kwenye bajeti ya maombi kama zilivyo, sukari uiite sukari, usiogope. Waliokataa bajeti yangu kwa sababu ya sukari walikuwa hawajawahi kukaa kibarazani kwa mtu.

Sasa wewe

Umemaliza fomu sita au uko mwaka wa kwanza, hujawahi kufanya kazi na timu, nenda ramani. Utajifunza mtaa kwa miguu, utajua kuongea na mjumbe, utapata cheti kinachoeleweka.

Unasoma historia, Kiswahili, akiolojia au sosholojia, nenda simulizi, na ya ramani usiisubiri. Mafunzo ya LearnOSM ni bure, JOSM ya kuhariri OpenStreetMap bure, QGIS bure, unaanza kwa kuweka duka la mangi wa mtaani kwenu leo jioni. Ndo maana naisukuma simulizi, ramani itakusubiri mwakani na mwaka wa kesho yake, bibi wa miaka themanini na tano hakusubiri.

Wewe uliye kijijini au mtaa ambao picha ya setelaiti ina mapaa lakini haina jina hata moja, hapo ningegeuka, anza na ramani hata kama moyo uko kwa wazee. Bila majina kwenye ramani hata gari la wagonjwa linapotea njia. Ila beba daftari la pili, lile la pembeni, na usiliache liende kwenye boksi.

Kutaneni na wazee mapema, na kuna kitu kimoja kitakachowasaidia sana mkitumia ramani. Kwa hapa Dar, Makka iko karibu kaskazini kamili, na ramani juu yake ni kaskazini. Mzee akigeuza geuza karatasi mwambie baba, juu ni kibla. Nimeona mara nyingi, anaiweka sawa mwenyewe, anauona msikiti, kutoka msikitini anaiona barabara ya zamani, na hapo uwe umeshawasha kurekodi, kwa ruhusa yake.

Na kwenye maombi, ya aina yoyote, ambatanisha dakika tatu za sauti ya mtu wa mtaani kwenu na maneno yake yameandikwa chini. Waombaji wengi wanaandika wanapenda utamaduni na wanaishia hapo. Wiki hii ina siku za kutosha kufanya hilo, anza na aliye karibu, na ukirudi kwake mpelekee kadi.